Barua ya wazi kwa uongozi wa ghala letu la korosho: ving'ora vya moto vilipimwa ghala likiwa tupu

Mtwara

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi,
Kwa Meneja Mkuu.

Nakala: Viongozi wa vyama vya msingi vinavyohifadhi korosho katika ghala hili.

Waheshimiwa,

YAH: MPANGILIO WA VING'ORA NA TAA ZA TAHADHARI YA MOTO KATIKA GHALA KUU

Nawaandikia nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi katika mambo ya usalama na afya, nafasi inayotambuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na pia nikiwa fundi umeme wa ghala hilo. Barua nilizowaandikia kwa utaratibu wa kawaida ziligongwa mhuri wa kupokelewa pale masijala na hazikujibiwa. Kikao tulichoahidiwa kiliahirishwa, kikaahirishwa tena, hadi msimu ukaisha. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika hadharani. Sitalitaja ghala kwa jina wala kampuni inayoliendesha, kwa kuwa ninachotaka ni ving'ora visikike, si mtu aaibike, na wahusika mtajitambua mapema.

Shida zote nitakazozieleza zina chanzo kimoja. Mfumo wa tahadhari ya moto ulichorwa, ukafungwa na kujaribiwa mwezi Julai, ghala likiwa tupu na limefagiwa, ilhali watu wanaotakiwa kuusikia na kuuona wamo ndani mwezi Novemba, magunia yakiwa yamepanda hadi karibu na kenchi, foklifti zikinguruma na malori yakiwa kwenye foleni hadi getini. Mkandarasi alipanga vifaa vyake katika jengo ambalo, msimu ukishafunguliwa, halipo tena.

Niseme pia kwa nini jambo hili haliwezi kusubiri. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayowaka kwa nguvu na kutoa moshi mzito unaochoma macho na koo, na gunia la juti linaweza kufukuta ndani ya mrundo kwa muda mrefu kabla mwali haujaonekana. Moto wa namna hiyo ukishajitokeza, mtu aliye katikati ya mirundo hana muda wa kuuliza kuna nini. Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho hapa Mtwara mwaka 2007, mali iliyomo ndani ni ya wakulima hadi mnada ufanyike na malipo yatoke. Kwa hiyo suala hili si la vibarua peke yao.

1. Sauti haifiki upande wa nyuma.

Ving'ora vyote vya ghala kuu vimefungwa ukuta wa mbele: viwili juu ya milango ya kupakulia, kimoja karibu na mizani na kimoja nje ya ofisi ya mtunza ghala. Katika zoezi la uokoaji lililofanyika msimu uliopita ukiwa umepamba moto, waliokuwa karibu na mizani walitoka mara moja. Upande wa nyuma, akina mama waliokuwa wakishona midomo ya magunia waliendelea kushona. Nilipowafikia, mmoja wao alinyanyua kichwa na kuniuliza kama nimekuja kuleta uzi. King'ora kilikuwa bado kinalia.

Sababu yake ni hesabu ambayo mkandarasi angepaswa kuifanya. Kila king'ora kimeandikwa ubavuni kwamba hutoa desibeli 95 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita 3. Sauti ikisafiri mahali pa wazi hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Katika mita 6 hubaki 89, mita 12 hubaki 83, mita 24 hubaki 77, mita 48 hubaki 71, na katika mita 96, ambao ndio urefu wa ghala letu kwa kukadiria, hubaki 65. Sasa angalieni jinsi namba hiyo ya mwisho ilivyotuponza. Kanuni ya Uingereza ya BS 5839, ambayo mkandarasi aliitaja katika ripoti yake, kwa kawaida hutaka sauti isipungue desibeli 65. Julai, katika ghala tupu ambamo ukuta na mabati hurudisha mwangwi, sharti hilo lilitimia na ripoti ikasainiwa. Lakini kanuni hiyohiyo inataka pia sauti iwe juu ya kelele ya mahali hapo kwa desibeli 5, na sharti hili la pili halikupimwa, kwa sababu Julai hapakuwa na kelele ya kupima.

Vifaa vyenyewe vimetengenezwa kwa kufuata kanuni ya Marekani, NFPA 72, na kijitabu chake bado kimo ndani ya kabati la paneli, yaani kifaa kikuu kinachoviendesha ving'ora na taa. Kanuni hiyo inataka king'ora kizidi wastani wa kelele ya mahali kwa desibeli 15, au kizidi kwa desibeli 5 kelele kubwa kuliko zote inayodumu angalau sekunde 60, tukichukua kiwango kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. Kipimo huchukuliwa mita 1.5 kutoka sakafuni, yaani usawa wa masikio ya watu. Foklifti ya dizeli ikifanya kazi mfululizo kwenye njia ya kati ya mirundo inaweza kufikisha desibeli 85 masikioni mwa dereva. Hata tukitumia sharti jepesi la desibeli 5 tunahitaji 90 pale alipo, na king'ora cha mbele kinampelekea 70 na kidogo. Hapo sijahesabu kwamba magunia yaliyojaa hunyonya sauti, wala mvua ya Desemba juu ya mabati yasiyo na dari, ambayo ikinyesha hata mwenzako aliyesimama bega kwa bega nawe hakusikii mpaka upige kelele.

Nimesikia pendekezo kwamba tununue king'ora kimoja kikubwa zaidi tukiweke palepale mbele. Hilo litawaumiza masikio walio chini yake bila kuwasaidia walio nyuma. NFPA 72 yenyewe inaweka kikomo cha desibeli 110 kwa jumla ya sauti inayomfikia mtu. Kinachotakiwa ni ving'ora vingi vya nguvu ya kawaida, vilivyosambazwa kwenye nguzo za katikati na ukuta wa nyuma, ili mtu yeyote awe na king'ora karibu naye.

2. Taa za tahadhari zimefichwa na magunia.

Penye kelele nyingi sauti peke yake haitoshi, ndiyo maana hufungwa taa zinazowaka na kuzimika kwa haraka. Mlizifunga, nami nawashukuru kwa hilo. Tatizo ni mahali. Zipo ukutani, kati ya mita 2 na mita 2.4 kutoka sakafuni, kimo ambacho ni sahihi kabisa kwa ofisi au ukumbi. Katika ghala lenye mirundo mirefu kuliko nyumba ya kawaida, taa ya kimo hicho inamulika gunia lililo mbele yake. Utaratibu mzuri wa kuhifadhi mazao unataka tuache nafasi ya takriban mita 1 kati ya mrundo na ukuta. Kila mwaka ikifika Novemba nafasi hiyo hujazwa. Ukienda leo kwenye ukuta wa kusini utaona taa moja ambayo kioo chake kina michubuko ya chaga na vumbi la juti limeganda kwenye skrubu. Msimu mzima ilikuwa nyuma ya magunia.

Kuna na suala la ukubwa wa mwanga. Taa hizi ni za kandela 15; kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga. Kwa majedwali ya NFPA 72, taa moja ya kandela 15 iliyofungwa ukutani inatosha chumba cha mraba kisichozidi mita 6.1 kila upande. Ya kandela 110 inafika mita 16 na zaidi kidogo. Majedwali hayo yanachukulia kwamba chumba ki wazi, hakina kizuizi. Kila mrundo unaogawa ghala unatengeneza chumba kipya, na kila njia kati ya mirundo inapaswa kuhesabiwa peke yake. Mtu anayefunga kamba katika njia ya tatu hawezi kuona taa iliyo kwenye ukuta wa njia ya kwanza, hata iwe na kandela ngapi.

Kwa hiyo taa zinapaswa kuning'inizwa juu ya njia zenyewe na penye makutano yake, zisizidi mita 9.1 kutoka sakafuni, ambacho ndicho kimo cha juu kinachoruhusiwa kwa taa za kuning'iniza. Kenchi zetu zinaruhusu hilo bila shida. Mahali ambapo mtu ataona zaidi ya taa mbili kwa wakati mmoja, taa hizo ziwake kwa pamoja, kati ya mara 1 na 2 kwa sekunde. Zikiwaka kila moja kwa wakati wake, mimweko yake huongezeka machoni na inaweza kumletea degedege mtu mwenye kifafa.

Ningependa jambo hili lisichukuliwe kuwa la anasa. Miongoni mwa wabeba mizigo wetu wapo wasiosikia vizuri, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuwaacha nje. Huyo hana king'ora. Ana taa tu.

3. King'ora cha moto ndicho hichohicho cha chakula.

Saa saba mchana mlinzi huminya kitufe na ving'ora vya moto hulia ili watu wakale. Jioni hulia tena kumaliza zamu. Katika zoezi nililolitaja, baadhi ya waliotoka walielekea kwa mama ntilie na si eneo la kukusanyikia, na sikuona namna ya kuwalaumu. Mdundo wa dharura upo na unatambulika kwa kanuni ya kimataifa, ISO 8201: milio mitatu, kila mmoja nusu sekunde na nusu sekunde ya ukimya kati yake, kisha sekunde 1.5 za ukimya, halafu unarudia. Paneli yetu inaweza kuutoa; ni mpangilio wa kubadilishwa ndani ya paneli. Kwa chakula na zamu inunuliwe kengele yake ya bei ndogo.

4. Vyumba vyenye milango na uwanja wa malori vimesahauliwa.

Chumba cha sampuli, vyoo, chumba cha kubadilishia nguo na stoo ya magunia matupu havina king'ora wala taa. Mlango ukifungwa sauti hupungua sana, na mchoro wa mkandarasi unaonyesha milango yote kana kwamba haipo. Chumba cha sampuli kinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayekata korosho kupima ubora huwa ameinama juu ya meza, feni inazunguka na mlango umefungwa ili vumbi lisiingie.

Nje, madereva na matingo hulala ndani ya malori au chini yake wakisubiri zamu ya kupakua, wakati mwingine ubavuni mwa ghala kabisa. Hao nao wanahitaji king'ora, tena cha aina ya kufungwa nje, kilichozibwa dhidi ya maji. Hewa ya hapa ina chumvi ya bahari. Kifaa cha ndani kikifungwa nje, misimu michache inatosha kukiua kwa kutu bila mtu kujua.

5. Umeme wa kuendesha vifaa hivyo.

Hili naliweka kwa ufupi kwa kuwa ni la kifundi, lakini lisiposomwa marekebisho yote yaliyotangulia yanaweza kuwa kazi bure. Vifaa vyetu ni vya volti 24, na kwa maandishi yake hufanya kazi kati ya volti 16 na 33. Umeme wa TANESCO ukikatika, mfumo hutegemea betri, na betri zikikaribia kuisha hesabu hufanywa kwa volti 20.4. Maana yake waya mzima, kutoka paneli hadi kifaa cha mwisho, hauruhusiwi kupoteza zaidi ya volti 4.4. Mkiongeza taa za kandela 110 kwenye waya mwembamba uliopo, zile za mwisho zitawaka siku ya majaribio umeme ukiwepo, na hazitawaka siku ambayo umeme umekatika. Naomba asije fundi wa kuunganisha vifaa vipya mwishoni mwa waya wa zamani halafu akapiga picha ya makabidhiano. Saketi zigawanywe, waya uwe mnene inavyotakiwa, na volti zipimwe kwenye kifaa cha mwisho mfumo ukiwa kwenye betri.

Waheshimiwa, baadhi ya majibu nimeshayasikia korido za ofisini, kwa hiyo niyajibu hapahapa.

Imesemwa kwamba ghala lina cheti. Sibishani na cheti, wala na afisa aliyekitoa. Alikagua alichokikuta, na alikuta ghala tupu lenye ripoti iliyosainiwa. Cheti hakikuahidi kwamba magunia hayatapangwa mbele ya taa.

Imesemwa kwamba kanuni ninazozitaja ni za Marekani na Uingereza, si sheria za Tanzania. Ni kweli. Lakini vifaa mlivinunua vikiwa na kijitabu cha kanuni hizo, na mkandarasi mlimlipa kwa ripoti inayozitaja. Kama zilifaa kuandikwa kwenye ankara, zinafaa kufuatwa ukutani.

Imesemwa kwamba kuna bima. Bima ya mazao italipa korosho. Nimeisoma sehemu tuliyoonyeshwa, na haina neno linalomhusu mwanamke anayelipwa kwa gunia kwa kulishona.

Imesemwa pia kwamba moto ukitokea watu watapiga kelele ya moto na wenzao watasikia. Waliosema hivyo waje ndani saa nne asubuhi mwezi Novemba, wasimame kwenye mizani, wamwite mtu aliye nyuma.

Lipo jibu moja ambalo nalikubali kwa sehemu, nalo ni la fedha. Kazi nzima, pamoja na waya mpya, si ya bei ndogo, na ghala huingiza mapato yake ndani ya miezi michache. Ndiyo maana ninachokiomba nimekipanga ili cha haraka kitangulie na cha gharama kifuate. Baadhi ya hatua zinahitaji rangi na uamuzi wa meneja tu.

Ninaomba yafuatayo:

(a) Wiki hii, king'ora cha moto kiache kutumika kwa chakula na zamu, na paneli ipangwe kutoa mdundo wa dharura.

(b) Kabla gunia la kwanza halijaingia, nguzo na sakafu zipakwe mistari ya rangi inayoonyesha mwisho wa mrundo, kwa upana na kwa kimo, ili kifaa chochote cha tahadhari kisizibwe. Mtunza ghala apewe mamlaka ya kuzuia lori kupakua pale mistari inapovukwa, hata kama mwenye lori anamfahamu mkubwa fulani.

(c) Uchorwe mchoro mpya wa ghala likiwa limejaa, wenye mirundo, njia, milango iliyofungwa na mahali zinapopita foklifti, na vifaa vipangwe juu ya mchoro huo. Wafanyakazi wa ndani washirikishwe, kwa maana wao ndio wanaojua mrundo wa ziada huwekwa wapi nafasi ikiisha.

(d) Ving'ora na taa za nyuma na za njia za katikati vifungwe kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba. Vyumba na uwanja wa malori vinaweza kufuata, mradi tarehe iandikwe.

(e) Majaribio yarudiwe Novemba, kazi ikiendelea, foklifti zikiwa zinatembea, kwa kipima sauti kilichoshikwa mita 1.5 kutoka sakafuni katika kila njia na ndani ya kila chumba kilichofungwa mlango. Namba zibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na mizani, si kuhifadhiwa kwenye faili.

Naomba majibu ya maandishi, kwa tarehe, kuhusu kila moja ya hayo matano. Mkiona kuna ambalo haliwezekani, andikeni ni lipi na kwa nini; tutakaa tuzungumze. Yasipopatikana majibu kabla ya mwisho wa Septemba, nitapeleka barua hii pamoja na mchoro wa zamani na kijitabu cha vifaa kwa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na kwa ofisi ya mkoa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kuomba waje kukagua ghala likiwa limejaa.

Naomba kuwasilisha.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Usalama na Afya Mahali pa Kazi,
Ghala Kuu.